Zamu ya Mshai

Siku niliyostaafu walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Ipo sebuleni kwangu hapa Voi, inakwenda mbele kwa dakika saba, na sina haraka ya kuirekebisha. Lakini walimu wawili vijana walionisindikiza hadi langoni waliniomba kitu kingine. Walitaka niwaandikie jinsi tulivyoianza ile kazi ya wasichana kuwalea wenzao wenye ulemavu, katika shule yetu ya bweni kule milimani. Walitaka mwongozo. Mwongozo sina. Nina makosa, na nimeona heri niyaandike kabla sijayasahau au, vibaya zaidi, kabla sijaanza kuyapamba.

Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo za stoo fulani.

Nilifika shuleni nikiwa mwalimu wa Jiografia mwenye ramani mbili na koti moja jepesi. Mimi ni mtoto wa Voi, na kwetu koti huvaliwa harusini. Shule ile iko juu ya Werugha, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Imejengwa kwa matuta kama shamba la kabeji: mabweni chini, madarasa katikati, bwalo la chakula juu kabisa, na ngazi za mawe kuunganisha yote. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Matroni Saru. Alinitazama viatu kabla ya uso, akaniambia ngazi ni thelathini na nane na zote zinateleza, kwa hiyo ninunue viatu vya watu wazima.

Huyo Matroni ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba alikuwa akimfundisha mtu. Hakusomea lolote kuhusu ulemavu. Alichokuwa nacho ni kaka asiyesikia, ambaye alikua naye wakigombana kila siku kwa ishara za mikono. Aliwahi kuniambia kwamba mtu ambaye huwezi kugombana naye bado hujamzoea. Nililicheka neno hilo. Ningeliandika mahali siku ileile, mngekuwa na hadithi fupi zaidi ya kusoma.

Wanafunzi wenye ulemavu nilikabidhiwa miaka mingi baadaye, kwa sababu siku hiyo katika chumba cha walimu mimi peke yangu sikuwa na jukumu la ziada. Nikaanza na nilichoweza kukishika kwa mikono. Kama mtasahau yote mengine, hili likumbukeni: mipira ya magongo inayouzwa dukani ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu za hospitali. Kwenye mawe yenye ukungu haimalizi mwezi. Nendeni kwa fundi viatu pale Wundanyi, awakatie mipira kutoka tairi kuukuu la lori na kuifunga kwa waya. Hiyo inamaliza muhula. Na kabla hamjamwambia msichana apite njia fulani kwa magongo, ipiteni wenyewe kwa magongo. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na mitatu, wasichana wamejaa madirishani wakinitazama, na walikuwa na haki ya kucheka.

Sasa niseme juu ya mama wa shule, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Desturi hii haikuanzishwa na mwalimu yeyote. Msichana wa kidato cha kwanza akifika, hupewa mama, yaani msichana wa kidato cha tatu. Mama humwonyesha mwanawe bomba lisilokauka, kona ya bweni isiyovuja na mwalimu wa kuogopwa. Mtoto naye humwoshea mama sahani na kumshikia nafasi kwenye foleni ya maji ya kuoga. Sahani moja kwa siku, basi. Mama aliyezidisha alikutana na Matroni.

Mimi nikaona hapa pana kitu cha kujengea. Nikasema kila msichana mwenye ulemavu atapewa mama aliyechaguliwa kwa uangalifu na kufundishwa na mimi. Ila ile sehemu ya pili nikaitoa. Nilisema haiwezekani mtoto wa magongo amwoshee mtu sahani. Nikaona nimeiboresha desturi.

Mshai alikuja mwezi wa Januari kutoka Mwanda, nyuma ya pikipiki ya babake, na boksi lake limefungwa kwa kamba ya katani. Mguu wake wa kulia haukukua sawa na wa kushoto, na tangu utotoni alitembea kwa magongo mawili. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Alikuwa na alama nzuri, macho makavu na maneno machache. Nilimpa Ndanu awe mama yake. Ndanu, Mkamba wa Voi, alikuwa mrushaji tufe wetu, msichana wa mabega mapana na moyo mpana kuliko mabega. Nilifurahi kama mtu aliyepata viatu vinavyomtosha mara ya kwanza kuvijaribu.

Jumatatu iliyofuata nilisimama paredi nikatangaza kwamba Mshai hatafanya zamu yoyote. Hatafagia, hatapiga deki, hataosha vyombo. Shule nzima ilinipigia makofi. Vijana wangu, mwalimu akipigiwa makofi paredi, ajiulize amekosea wapi.

Ndanu alifanya kila nililomwambia, na zaidi. Alibeba mkoba wa Mshai, maji yake, blanketi lake. Alimletea chakula darasani ili asipande ngazi za bwalo, kisha akairudisha sahani na kuiosha. Mvua ikinyesha alimbeba mgongoni. Maafisa wa elimu walipotutembelea walipiga picha ya wawili hao, na mimi nikasimama mbele kabisa. Wasichana walianza kumwita Mshai "Mheshimiwa". Nilidhani ni jina la mapenzi. Matroni alipita mezani kwangu siku moja akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yule mtoto hagombani na mtu yeyote. Nikamjibu kwamba hiyo ni nidhamu nzuri. Akaenda zake.

Jumamosi moja baada ya likizo fupi ya katikati ya muhula nilimkuta Mshai katika chumba cha masanduku. Alikuwa ameketi sakafuni, boksi liko wazi, anakunja nguo zake moja moja. Nilimuuliza kama kuna mtu amemtusi. Akasema hapana. Kama ni mguu. Hapana. Kama ni masomo. Hapana.

"Madam, watu wote hapa ni wazuri kwangu," akasema. "Lakini mimi ni mgeni tangu Januari. Nyumbani nakamua ng'ombe wawili kila asubuhi. Hapa hata sahani yangu sijawahi kuiosha."

Nilisema maneno fulani kuhusu kupenda elimu, nayo yalisikika hata masikioni mwangu kama yamesomwa kutoka ubaoni. Akaendelea kukunja nguo.

Nilimpigia simu babake. Aliniambia ukweli ambao wazazi wachache huwa na ujasiri wa kuusema. Bintiye akirudi nyumbani sasa, hatatoka tena. Yeye hajui kukamua, jirani anayemkamulia tangu Januari amechoka, mkono wa mtoto wake unahitajika kila siku, na hatakuwa na moyo wa kumtoa mara ya pili. Angekuja Ijumaa. Mshai akiwa bado anataka kuondoka, ataondoka naye. Nilikuwa na siku sita.

Nilienda kwa Matroni usiku ule ule nikiwa na aibu, nikamweleza. Alikuwa akihesabu blanketi na hakuacha kuhesabu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe, Mwalimu, umemkalisha siku ngapi?"

Niliumia, kwa sababu methali hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Nimeisikia kwa nyanya yangu mara elfu, na sikuwahi kufikiri kwamba jembe lile ni heshima. Mgeni hupewa kiti. Mwenyeji ndiye hupewa kazi.

Kesho yake nilimwita Mshai nikamwambia nimekosea, na kwamba atawekwa kwenye orodha ya zamu. Nilimchagulia kupiga kengele, kazi ya kukaa. Akakataa kwa upole. Alisema kengele ni kazi ya kumpa mtu unayemhurumia. Yeye alitaka kupakua maharagwe.

Ambaye hajaishi shule ya bweni hatajua uzito wa ombi hilo. Anayepakua maharagwe dirishani pa jikoni ana mamlaka kuliko kiranja mkuu. Wasichana mia tatu hupita mbele yake na sahani, kila mmoja akimtazama usoni, na kila mmoja anajua kama upawa ulijaa au haukujaa. Watu hugombana naye. Humwita mchoyo. Hakuna anayemhurumia mpakuzi wa maharagwe, huogopwa. Ilikuwa pia kazi ya juu kabisa, ngazi thelathini na nane kutoka bwenini. Nilisema sawa kabla sijapata muda wa kuogopa.

Tulichukua stuli ndefu ya maabara ili aegemee, mikono yote miwili ikiwa huru. Jumanne akaanza. Alipakua kama anavyokamua, naamini, kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Ndanu alipofika dirishani alitabasamu na kusogeza sahani, kama mama anayetarajia kukumbukwa. Alipata upawa mmoja, sawa na wote. Jioni Ndanu alikuja kwangu analia.

"Sasa mimi nimefutwa kazi, Madam? Nimefanya ubaya gani?"

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu la pili. Nilikuwa nimemfundisha Ndanu kubeba, na sikumfundisha jambo lingine lolote. Nilimwambia hakufanya ubaya wowote, ubaya niliufanya mimi. Nikampa kazi mpya, ngumu kuliko tufe: amngoje. Watoke bwenini pamoja, apande ngazi moja nyuma ya Mshai, mikono yake mwenyewe mifukoni, asimguse mpaka aombwe. Na sahani yake sasa ataoshewa, sahani moja kwa siku, kama mama wengine. Aliuliza itakuwaje wakichelewa. Nikasema watachelewa, na nitaandika kwamba niliwaruhusu.

Jumatano walichelewa dakika kumi na moja. Alhamisi Mshai akaanguka.

Ilikuwa ngazi ya ishirini na kitu, mawe yamelowa. Gongo la kushoto lilimponyoka. Nilikuwa juu, mlangoni pa bwalo, nikaona kila kitu na sikuweza kufanya chochote. Goti lilichanika. Ndanu alitoa mikono mifukoni, kisha, nikiwa naangalia, akairudisha. Akachuchumaa tu pale ngazini, akamuuliza anataka nini. Mshai akasema anataka gongo. Akapewa gongo. Akasimama mwenyewe, na damu imefika kwenye soksi, akapanda zilizobaki, akapakua maharagwe yote kabla hajakubali kuoshwa kidonda. Mimi niliingia stoo nikalia kati ya magunia. Nilitaka kufuta zamu hiyo mara moja. Sijui ni nini kilichonizuia, labda ni aibu ya kutangaza tena paredi. Kitu pekee nilichofanya ni kuangalia mpira wa lile gongo. Ulikuwa wa dukani, umeisha na kuwa laini kama sahani. Mimi niliyewahubiria wenzangu habari za tairi la lori sikuwahi kumwangalia Mshai mipira, kwa kuwa alikuwa akibebwa. Alasiri hiyo hiyo nilishuka Wundanyi kwa fundi.

Ijumaa babake alifika wakati wa chakula cha mchana. Mkononi alishika ile kamba ya katani, ameikunja vizuri, tayari kwa boksi. Nilimkaribisha ofisini akakataa, akasema anataka kumwona mtoto kwanza. Nikamwambia yuko bwaloni na kwamba mgeni lazima ale. Hivyo akaingia kwenye foleni, mzee mrefu na kofia yake mkononi, katikati ya wasichana. Hakumwona Mshai mpaka alipofika dirishani.

Alisimama pale na sahani yake. Alimtazama mtoto wake juu ya stuli, bendeji gotini, upawa mkononi. Mshai naye alimtazama. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Mshai akampakulia upawa mmoja, sawa na wote.

"Baba, songa," akasema. "Watu wanangoja."

Akasonga. Alikula akiwa amesimama kando ya ukuta, polepole, bila kuondoa macho dirishani. Msichana mmoja wa kidato cha pili alilalamika kwamba upawa wake haukujaa, na Mshai akamjibu kwa ukali unaostahili, na wakarushiana maneno mawili matatu. Nilimtafuta Matroni kwa macho. Alikuwa mlangoni, ametazama pembeni, anajifanya haoni furaha yangu.

Baada ya chakula mzee alizungumza na bintiye nje kwa muda mfupi. Sikusikia. Kisha akaja kwangu akanipa ile kamba, akasema niiweke, maana mtoto ataihitaji muhula ukiisha.

"Na ng'ombe?" nikamuuliza.

"Basi nitajifunza kukamua, Mwalimu," akasema. "Nitafanya nini tena?"

Kuanzia hapo sheria yetu ikawa moja: mwenye ulemavu hupewa mama, na hupewa zamu ndani ya siku tatu, na zamu huichagua mwenyewe. Miaka miwili baadaye Mshai aliniuliza kwa nini yeye, aliye kidato cha tatu, hajapewa mtoto. Nilikuwa sijafikiria kabisa, mimi niliyedhani nimeshajifunza. Akapewa msichana wa Voi mwenye miguu miwili mizima, aliyelia kwa baridi kila asubuhi. Alimlea vizuri, ingawa alikuwa mkali kidogo kuhusu sahani.

Msidhani baada ya hapo niliweza kila kitu. Msichana mmoja asiyeona vizuri alikaa nasi muhula mmoja akaondoka. Tulimpa mama, tukampa zamu, tukafanya yote tuliyojifunza kwa Mshai. Kumbe yeye hakuwa na shida ya zamu. Alihitaji maandishi makubwa ubaoni na mwalimu mwenye mwandiko unaosomeka, na mwandiko huo mbaya ulikuwa wangu. Alijaribu kuniambia mara mbili. Bado linaniuma, na nimeliandika hapa ili liwaume na nyinyi kidogo kabla hamjashika chaki.

Mwaka huu, muhula wa kwanza ulipofunguliwa, nilialikwa kurudi kwa siku chache kuzungumza na akina mama wapya wa shule. Aliyenialika ni mwalimu wa Hisabati anayeisimamia kazi hiyo sasa. Ni Mshai. Alinipokea Jumatatu langoni, akatazama fimbo yangu kabla ya uso. Goti langu la kushoto liliamua kustaafu pamoja nami. Aliuangalia mpira wa fimbo, akatikisa kichwa, akamtuma mtu kwa fundi.

Nilipewa kiti chenye mto. Nilipewa chai, soda na blanketi la magotini. Nikiinuka, wasichana watatu waliruka kunishika. Mkoba wangu sikuugusa. Sahani iliondolewa mbele yangu huku kipande cha nyama bado kiko. Kila mtu alikuwa mzuri kwangu, na kufikia Jumanne jioni nilikuwa nimechoka mno. Nilipanga nguo zangu mkobani, nikapiga simu nyumbani kusema nitarudi mapema.

Jumatano nilishuka kumuaga Mshai. Njiani nilipita kwenye ubao wa matangazo, nikasimama kusoma orodha ya zamu, kwa mazoea tu. Jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wake unaosomeka: chakula cha mchana, kupakua maharagwe. Niligeuka nikamkuta nyuma yangu, ameegemea magongo yake.

"Ni nani ameniandika hapa?" nikauliza.

"Leo ni siku ya tatu, Madam."

Ngazi ni zilezile thelathini na nane. Nilizipanda kwa muda mrefu, naye akaja ngazi moja nyuma yangu, na hakunigusa. Ile stuli ya maabara bado ipo. Msichana wa kwanza kwenye foleni alikuwa wa kidato cha kwanza, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Alitazama fimbo yangu, akatazama goti, akaanza kusema pole. Nikampakulia upawa mmoja.

"Songa, mwanangu," nikamwambia. "Watu wanangoja."